Maabara, mchagua jembe ndiye mkulima



Jioni moja jirani yangu, mama mtu mzima ambaye watoto wa mtaa mzima humwita Bibi, alinigongea mlango akiwa amekumbatia chandarua. Nikamwamkia, akaitikia, kisha bila kukaa akanionyesha mbu aliyetua juu ya kitambaa. "Tazama huyu, mwanangu," akasema. "Anatembea juu ya dawa kama anayetembea barazani kwake. Chandarua kipya hiki, kimewekwa dawa kiwandani, na wajukuu zangu wanaumwa homa. Nimeuziwa maji ya rangi!"

Malalamiko ya Bibi ni ya watu wengi. Mbu asipokufa, wa kwanza kushtakiwa ni mwenye duka, wa pili ni kiwanda, na wa tatu ni Serikali. Kweli, bidhaa bandia zipo. Lakini iko sababu nyingine ambayo haionekani kwa macho: inawezekana dawa ni nzima kabisa, ila mbu ndiye aliyebadilika. Sasa tutajuaje? Je, wataalamu hufanya nini wanapotaka kujua kwa nini mbu hafi?

Jibu lake linatupeleka maabara, kwenye kazi moja ambayo haisemwi sana magazetini, nayo ni kazi ya kuchagua vizuizi vya vimeng'enya. Msishtuke kwa maneno hayo. Twende nayo taratibu.

Kimeng'enya ni protini inayofanya kazi maalumu ndani ya mwili wa kiumbe. Mate yetu, kwa mfano, yana kimeng'enya cha kuvunja wanga. Ndiyo maana ukitafuna mkate kwa muda mrefu bila kuumeza, huanza kuwa mtamu mdomoni. Mwili wa kila kiumbe, awe mtu, mbu au mchicha, una maelfu ya vimeng'enya vya namna hiyo, na kila kimoja kina kazi yake. Mwili ni kama kiwanda, na vimeng'enya ndio vibarua wake.

Haya, tuseme wewe ni mgeni kiwandani na unataka kujua kibarua fulani anafanya kazi gani. Njia moja nyepesi ni kumwambia askari wa getini amzuie kibarua huyo asiingie siku moja, kisha wewe utazame ni kazi gani imelala. Kama magunia hayakushonwa siku hiyo, basi umeshapata fununu kwamba yeye ndiye mshonaji. Askari huyo wa getini ndiye kizuizi. Ni kemikali inayoshikamana na kimeng'enya fulani na kukifunga mikono, ili mtafiti aone kitu gani kinakwama.

Wahenga wetu walisema mchagua jembe si mkulima. Shambani methali hiyo ni ya kweli, maana mkulima hodari hulima na jembe lolote alilopewa. Maabara ni kinyume chake. Mtafiti anayechukua kizuizi chochote kilichopo kabatini, au anayechukua kikali kuliko vyote kwa kudhani ukali ndio ubora, huvuna jibu la uongo. Na jibu la uongo la maabara halibaki maabara. Hutoka nje likaenda wizarani, likaingia kwenye zabuni, na mwisho likatundikwa juu ya kitanda cha mtoto.

Sasa turudi kwa mbu wa Bibi.

Dawa inayowekwa kwenye vyandarua kwa kawaida ni ya jamii ya pairethroidi. Asili ya dawa hizo tunaijua vizuri huku kwetu, kwa kuwa ni binamu wa pareto, lile ua jeupe linalolimwa nyanda za juu za Tanzania na Kenya. Wanakemia waliiga umbile la sumu iliyomo katika ua hilo, wakatengeneza dawa zinazostahimili jua na muda mrefu zaidi. Permethrini, mojawapo ya dawa hizo, ilipatikana mwaka 1973 huko Rothamsted, Uingereza.

Dawa hizo hushambulia mishipa ya fahamu ya mdudu. Mbu anaweza kuzishinda kwa njia kuu mbili. Njia ya kwanza ni kubadili mahali dawa inapogota. Hapo dawa hufika lakini haipati pa kushika, mfano wa mtu aliyebadilisha kitasa ufunguo wa mwizi usiingie. Mabadiliko hayo wataalamu huyaita kdr. Njia ya pili ni kuiharibu dawa kabla haijafika. Mbu mwenye njia hiyo huwa na vimeng'enya vingi kupita kawaida, hasa vya kundi la oksidesi, ambavyo huichukua dawa, huibadili umbo na kuifanya itupwe nje ya mwili.

Ukimtazama mbu kwa macho, wa njia ya kwanza na wa njia ya pili ni sawasawa. Wote wawili wanatembea juu ya chandarua kama barazani kwao. Lakini tiba zao ni mbalimbali kabisa, na hapo ndipo kizuizi kinapohitajika.

Kizuizi kinachotumiwa katika kazi hii huitwa piperonili butoksidi, kwa kifupi PBO. Historia yake inapendeza. Katika miaka ya 1940 huko Marekani iligunduliwa kwamba mafuta ya ufuta, haya haya tunayoyajua, yakichanganywa na pareto huifanya pareto iue nzi zaidi, ingawa mafuta yenyewe hayaui. Wanakemia wakatafuta ni kitu gani kilichomo ndani ya ufuta, wakakijua, na kwa kufuata umbile lake wakatengeneza PBO. Ilitumika miaka mingi katika dawa za kupuliza nyumbani kabla sababu yake haijafahamika vizuri. PBO hujipeleka kwa oksidesi kama vile ni chakula chake. Kimeng'enya kikianza kuitafuna, inakikwama kooni. Kikiwa katika hali hiyo, hakiwezi tena kuishughulikia dawa ya chandarua.

Sasa tazameni jaribio linavyofanywa. Mbu jike wenye umri wa siku 3 hadi 5, ambao hawajanyonya damu, huingizwa katika mirija ya plastiki, 25 katika kila mrija. Ndani ya mrija kuna karatasi iliyolowekwa PBO ya asilimia 4. Hukaa humo saa 1. Kisha huhamishiwa kwenye karatasi yenye dawa kwa saa 1 nyingine, halafu hupelekwa kwenye mrija safi na kupewa maji ya sukari. Baada ya saa 24 huhesabiwa wangapi wamekufa.

Ni jaribio rahisi, ndugu wasikilizaji. Hata hivyo, ndani yake yamefichwa maswali manne ambayo kila mtafiti, awe profesa au mwanafunzi wa sekondari, hana budi kujiuliza kabla hajachagua kizuizi.

Swali la kwanza: kizuizi hiki kinamzuia nani, na kinawaacha wangapi wapite? Askari wa getini akizuia nusu ya vibarua, na kiwanda kikasimama, umejifunza nini? Hujajifunza kitu. PBO ina sifa ya kuzuia oksidesi, lakini haina usafi wa malaika, kwa kuwa huweza pia kugusa baadhi ya vimeng'enya vya kundi jingine liitwalo esteresi. Kwa hiyo mtafiti mwaminifu, akiona PBO imefanya kazi, hasemi "nimethibitisha ni oksidesi". Husema "yaelekea ni oksidesi", kisha hutafuta ushahidi wa pili kwa njia nyingine, kwa mfano kwa kupima moja kwa moja wingi wa vimeng'enya hivyo katika mwili wa mbu.

Swali la pili: kwa kiasi gani? Kizuizi kikizidi huwa sumu chenyewe. Tuseme umechukua mbu 100 ukawapa PBO peke yake, na 50 wakafa. Hapo jaribio lako limekwisha kabla halijaanza, maana hutajua nani kauawa na PBO na nani kauawa na dawa. Kiasi kinachotakiwa ni kile kinachokifunga kimeng'enya mikono bila kumdhuru mbu mwenyewe. Katika kizuizi, kipimo ni nusu ya uchaguzi.

Swali la tatu: lini, na kwa muda gani? Angalieni kwamba mbu hupewa PBO kwanza, dawa baadaye. Askari akifika getini saa 4 wakati vibarua wameingia saa 1, hana alichozuia. Tena viko vizuizi vinavyoshika na kuachia, na viko vinavyoshika moja kwa moja. Mfano tunao katika dawa za maumivu tunazonunua kila siku. Aspirini na ibuprofeni zote mbili huzuia kimeng'enya kimoja cha jamii ile ile. Ibuprofeni hushika kisha huachia. Aspirini hukibandika kimeng'enya alama isiyofutika, na chembe sahani za damu, ambazo haziwezi kujitengenezea kimeng'enya kipya, hubaki hivyo mpaka mwisho wa maisha yake, kiasi cha siku 10. Ndiyo maana daktari kabla ya upasuaji hukuuliza kama umemeza aspirini. Mtafiti asiyejua kizuizi chake ni cha kuazima au cha kuoa anaweza kukiosha akidhani kimetoka, kumbe bado kimo.

Swali la nne: utalinganisha na nini? Hili ndilo wengi hulisahau, nalo ndilo linalotofautisha sayansi na hadithi. Jaribio la mbu linahitaji makundi manne: waliopata PBO na dawa, waliopata dawa peke yake, waliopata PBO peke yake, na wasiopata chochote isipokuwa karatasi yenye mafuta yale yale yanayotumika kubebea dawa. Kundi hilo la mwisho linaonekana kama upotevu wa mbu. Si upotevu. Vizuizi vingi huyeyushwa katika spiriti au mafuta kabla ya kutumiwa, na mara nyingine kinachoua ni kiyeyushi, sifa zikaenda kwa kizuizi. Aidha, maabara nyingi duniani hufuga mbu wasio na usugu kwa ajili ya kulinganishia. Kizazi kimoja mashuhuri cha mbu hao huitwa Kisumu, kwa sababu asili yake ni Kisumu, Kenya. Kama mbu wa Kisumu naye hafi, usilaumu usugu. Kaitazame upya karatasi yako.

Tuchukue mfano wa hesabu. Tuseme katika kila kundi kuna mbu 100. Waliopata dawa peke yake wamekufa 40. Waliopata PBO peke yake wamekufa 2, na wa karatasi tupu amekufa 1. Waliopata PBO kisha dawa wamekufa 99. Hapo jibu linasomeka: mbu hawa walikuwa wakijiokoa kwa vimeng'enya, na tukivifunga wanakufa. Lakini tuseme wale wa PBO na dawa wamekufa 70 tu. Maana yake ni kwamba tumefunga mlango mmoja na upo mwingine ulio wazi. Pengine ni kdr, pengine ni vimeng'enya vya kundi jingine. Mtafiti atachukua kizuizi cha esteresi na kurudia, halafu cha kundi la glutathioni transferesi na kurudia, kimoja baada ya kingine.

Kwa nini asivichanganye vyote siku moja akaokoa muda? Mnamjua mgonjwa anayemeza vidonge vya zahanati, akanywa dawa ya mizizi, akachanjwa na mganga, kisha akapona. Ukimwuliza kimemponya nini, kila aliyemtibu hudai ni yeye. Maabara kizuizi ni swali, na ukiuliza maswali matatu kwa pumzi moja utajibiwa jibu moja lisilojulikana ni la swali lipi.

Mtaniuliza, haya yote yanamsaidia nini Bibi na wajukuu zake?

Yanawasaidia sana. Majaribio ya mirija yalipoonyesha katika sehemu nyingi za Afrika kwamba PBO inawarudisha mbu sugu katika hali ya kufa, lilizuka wazo la kuiweka PBO ndani ya chandarua chenyewe pamoja na dawa. Wazo hilo lilipimwa hapa Tanzania, katika Wilaya ya Muleba mkoani Kagera, kuanzia mwaka 2014. Baadhi ya vijiji vilipewa vyandarua vya kawaida na vingine vyandarua vyenye PBO. Matokeo yalitangazwa mwaka 2018. Baada ya miezi 9, watoto waliokutwa na vimelea vya malaria katika vijiji vya vyandarua vya kawaida walikuwa 42 katika kila 100. Katika vijiji vya vyandarua vya PBO walikuwa 29. Tofauti ya watoto 13 katika kila 100 imetokana na kemikali ambayo peke yake haiui mbu! Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilikuwa limekwisha kuvipendekeza vyandarua hivyo kwa sehemu zenye usugu wa aina hiyo.

Hapa mtu angeweza kusema basi, dawa imepatikana, PBO iwekwe kila mahali. Subirini kwanza.

Iko dawa nyingine iitwayo klofenapiri. Yenyewe, ilivyo, si kali kwa mbu. Inakuwa kali baada ya kubadilishwa umbo ndani ya mwili wa mbu, na wanaoibadilisha ni wale wale, oksidesi! Kimeng'enya kinachomwokoa mbu na pairethroidi ndicho kinachomtilia sumu ya klofenapiri. Sasa mtafiti akimpa mbu PBO kabla ya klofenapiri, kwa kuzoea tu kwamba PBO huongeza nguvu ya dawa, atakuwa amemfunga mikono yule yule anayemtegemea. Mbu watapona, na dawa nzuri itaandikwa kwamba haifai.

Tena klofenapiri haina haraka. Vifo vyake huhesabiwa hadi saa 72. Anayefunga daftari baada ya saa 24 kwa mazoea anafunga kabla ya mavuno.

Wale waliokwenda nayo taratibu walifika mbali. Vyandarua vyenye pairethroidi na klofenapiri vilipimwa Misungwi, mkoani Mwanza, na matokeo yakatangazwa mwaka 2022. Baada ya miaka 2, watoto wenye vimelea walikuwa kiasi cha 26 katika kila 100, wakati katika vijiji vya vyandarua vya kawaida walikuwa kiasi cha 46. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani likavipendekeza navyo. Kimeng'enya kile kile, mara adui, mara rafiki, na aliyetofautisha ni mtu aliyejua anachokizuia na kwa nini.

Ndugu wasikilizaji, nina maneno mawili ya kumalizia.

La kwanza ni kwa vijana wetu wa sekondari na vyuo, na kwa walimu wao. Mnapopewa kazi ya kuzuia kimeng'enya, hata kama ni kile cha mate na wanga, msianze na chupa iliyo karibu. Anzeni na swali. Andikeni: nataka kumzuia nani, kwa kiasi gani, kwa muda gani, na nitalinganisha na nini. Msipoweza kujaza mistari hiyo minne, jaribio halijawa tayari, hata kama vyombo vinang'aa. Na mtakapoandika matokeo, msione aibu kuandika "yaelekea". Neno hilo limeokoa fedha nyingi na maisha mengi.

La pili ni kwetu sote wenye vitanda. Chandarua kikionekana kushindwa, tusijifanye maabara sebuleni. Wako watu wanaopulizia vyandarua dawa za mende, wengine wanavichovya katika dawa za mifugo. Hiyo ni hatari kwa mtoto anayelala chini yake, na kwa yale tuliyoyaona inaweza hata kuiharibia kazi dawa iliyomo. Chandarua kifuliwe kwa sabuni ya kawaida, kianikwe kivulini na kitundu kishonwe. PBO nayo hupungua chandaruani kadiri muda unavyopita, kwa hiyo chandarua kikuukuu kisitegemewe kama kipya. Na tukiona mbu hawafi, tupeleke habari kwa mabwana afya, maana taarifa ya mtaa ndiyo inayowaambia watafiti mbu wa kuwapima wachukuliwe wapi. Kitanda kikichomekewa vizuri, hata mbu sugu hana pa kupitia.

Nilimweleza Bibi haya yote jioni ile, yeye akiwa amekaa, chai ikipoa mbele yake. Aliponisikiliza hadi mwisho alikunja chandarua chake, akasema, "Kumbe si dawa iliyolala, mwanangu. Ni mbu aliyeamka." Kisha akauliza swali ambalo watafiti wenyewe huulizana kila siku: "Na akizoea hiyo nyingine je?"

Sikuwa na la kumwambia isipokuwa kwamba atazoea, naye atatafutiwa nyingine, na kwamba kila mara itabidi pawepo mtu mwenye subira anayekaa na mirija yake, mbu 25 kwa 25, akichagua jembe kabla ya kulima.